Kumbadilisha Kwotabeki Katikati ya Msimu: Mwongozo kwa Anayekalia Kiti cha Kocha

Katika futiboli ya Marekani hakuna badiliko linalotikisa timu kama la kwotabeki. Karibu kila shambulizi linapitia mikononi mwake. Yeye ndiye anayepokea mpango kutoka kwa kocha, anawapanga wenzake kumi, anausoma ulinzi wa wapinzani, kisha ndani ya sekunde mbili tatu anaamua arushe mpira, ampe mwenzake akimbie nao, au akimbie mwenyewe. Nafasi ni moja tu, kama ya kipa. Winga unaweza kumtoa dakika ya 60 na mambo yakaendelea. Kipa ukimtoa, uwanja mzima unajua umesema nini juu yake.

Tangu 2021 msimu wa kawaida wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, una mechi 17. Ni chache. Ukipoteza tatu mfululizo mashabiki wameshaanza kuliimba jina la anayesugua benchi, na mwenye timu ameshaanza kuonekana mazoezini siku ambazo hakuwa akija. Hapo ndipo unapohitaji utaratibu, maana ukiamua kwa presha utaamua mara mbili.

Hatua ya 1: Andika sababu kwa sentensi moja

Kabla ya kufungua video yoyote, chukua karatasi uandike kwa nini unafikiria kubadilisha. Kwa kawaida sababu ni moja kati ya tatu: aliyepo ameumia, aliyepo ameshuka kiwango, au msimu umeshaharibika na unataka kijana apate uzoefu. Kwenye jedwali la matokeo zinafanana, lakini kila moja ina swali lake. Mgonjwa unauliza atarudi lini na atarudi akiwaje. Aliyeshuka unauliza kama ni yeye au ni waliomzunguka. Kijana unauliza kama yuko tayari kupigwa bila kuvunjika moyo.

Ipo sababu ya nne ambayo haiandikwi: pesa. Mikataba mingine ina kipengele kwamba mchezaji akiumia vibaya, malipo ya mwaka unaofuata yanakuwa ya lazima. Mwishoni mwa msimu wa 2022, zikiwa zimebaki mechi 2, timu ya Raiders ilimweka benchi kwotabeki wake Derek Carr, na kila aliyeufahamu mkataba wake aliona hesabu: zaidi ya dola milioni 40 zilikuwa zinaning'inia kwenye goti au bega lake. Kama hiyo ndiyo sababu yako, sawa, ni biashara. Ila usisimame mbele ya wachezaji ukawaambia ni suala la kiwango. Wao na mawakala wao wanaisoma mikataba kuliko wewe.

Hatua ya 2: Tenganisha makosa yake na ya wenzake

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo makocha wengi wanapopita haraka.

Chukua mechi nne za mwisho. Usitazame picha za televisheni, zinaufuata mpira tu. Tumia zile zinazopigwa kutoka juu, zinazoonyesha wachezaji wote 22, pamoja na zile za nyuma ya uwanja. Kila pasi iliyopotea iandikie mstari wake. Walinzi watano wa mbele wanaomkinga walimpa muda? Mpokeaji alikimbia njia aliyoelekezwa, au alikata kulia wakati mpango unasema kushoto? Mpira uliondoka mkononi kwa wakati? Na kama uliondoka kwa wakati, ulifika pale ulipotakiwa? Ukimaliza utakuwa na safu mbili, ya makosa yake na ya wengine, na mara nyingi utashangaa ilivyo ndefu hiyo ya pili.

Takwimu zinadanganya sana hapa. Pasi ikigonga viganja vya mpokeaji, ikarukia juu, ikadakwa na mpinzani, kitabuni inaandikwa kwa jina la kwotabeki. Akiangushwa akiwa na mpira mkononi, walinzi ndio wanaolaumiwa, ilhali huenda yeye ndiye aliyekaa na mpira sekunde nne akitafuta pasi ya kuwafurahisha watu. Kwa hiyo kila anapoangushwa, hesabu sekunde. Akiangushwa kabla ya mbili na nusu, waulize walinzi. Baada ya tatu, muulize yeye.

Mfano wa kuruka hatua hii ni Buffalo Bills ya 2017. Baada ya mechi 8 walikuwa wameshinda 5 na kupoteza 3, wakiwa bado kwenye mbio za mtoano. Ndipo New Orleans Saints wakawafunga 47 kwa 10. Kocha Sean McDermott akamtoa Tyrod Taylor, akamwanzisha Nathan Peterman, mchezaji mpya mwaka huo, ugenini dhidi ya Chargers. Kipindi cha kwanza pekee Peterman alinaswa pasi 5, yaani zilidakwa na wapinzani. Taylor akarudishwa baada ya mapumziko, mechi ikaisha 54 kwa 24. Sasa rudi nyuma uitazame ile 47. Ni ulinzi ulioruhusu pointi hizo, na kwotabeki hakabi mtu. Taylor huyohuyo aliumaliza msimu mzima akiwa amenaswa pasi 4, moja pungufu ya zile za mwenzake kwa nusu ya mechi, na Bills wakaingia mtoano kwa mara ya kwanza baada ya miaka 17. Kumtetea Peterman kidogo: ile ya kwanza ilidunda mikononi mwa mwenzake. Ndiyo maana nasema andika mstari kwa kila pasi.

Kinyume chake ni Tennessee Titans ya 2019. Walikuwa na ushindi 2 na vipigo 4, na kwenye kipigo cha 16 kwa 0 kule Denver kocha Mike Vrabel akamtoa Marcus Mariota, akaingia Ryan Tannehill. Walinzi walikuwa walewale, wapokeaji walewale, na Derrick Henry aliyekuwa akibeba mpira yuleyule. Tannehill akaanza mechi 10 za msimu zilizobaki, akashinda 7, na timu ikafika mechi ya mwisho kabla ya Super Bowl, fainali ya ligi. Hiyo ndiyo hali unayoitafuta kwenye safu zako mbili: mahali ambapo kila kitu kingine kinatosha na kasoro iko kwenye mkono mmoja.

Jambo lingine: usiyapime makosa kwa matokeo ya mechi. Desemba 2024 Atlanta Falcons walishinda ugenini kwa Raiders, na siku iliyofuata wakamweka benchi Kirk Cousins waliyempa mkataba wa dola milioni 180 mwezi Machi mwaka huohuo. Ushindi ulikuwepo. Lakini ndani ya mechi 5 Cousins alikuwa amepiga pasi 1 ya tachidauni, yaani ya kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani na kupata pointi, na kunaswa 9. Aliyetazama alama pekee aliona timu imeshinda. Aliyetazama mkono aliona hauna nguvu tena.

Hatua ya 3: Mtazame wa benchi bila ushabiki

Kwotabeki wa akiba ndiye mtu anayependwa kuliko wote mjini, kwa sababu hajapoteza mechi. Wewe huna anasa hiyo.

Kumbuka kwamba wiki nzima hafanyi mazoezi ya mpango wako. Muda karibu wote wa kikosi cha kwanza unamwendea anayeanza. Wa akiba anaongoza kikosi cha kuigiza: anavaa nafasi ya kwotabeki wa wapinzani ili walinzi wako wajizoeze. Akipiga pasi tamu Alhamisi, ameipiga kwa mpango wa timu nyingine, akiusoma kwenye kadi iliyoshikwa na kocha msaidizi. Inakuonyesha mkono wake. Kichwa chake bado hujakiona.

Kichwa utakiona kwa mambo madogo. Kofia ya kwotabeki ina redio, kocha anamsomea mpango, lakini sauti inakatika saa ya kuanzisha mpira ikibakiza sekunde 15. Kuanzia hapo yuko peke yake. Mweke mazoezini, msomee mpango mrefu wenye maneno kumi na mawili, kisha kata redio na umbadilishie ulinzi mbele ya macho yake. Je, anatulia na kuwageuza wenzake, au anageuka kukutazama?

Sikiliza na sauti yake. Walinzi wa mbele wamezoea mlio wa aliyepo, wanajua kwenye neno la ngapi mpira unatoka. Sauti ikibadilika, mmoja anajitikisa mapema na timu inarudishwa yadi 5. Na akiwa wa mkono wa kushoto kama Tua Tagovailoa au Michael Penix, mpira unajizungusha kinyume, wapokeaji wanahitaji siku kadhaa kuuzoea, na upande asiouona unahama kutoka kushoto kwenda kulia, yaani mlinzi wako wa upande wa kulia sasa ndiye anayelinda mgongo wake. Mambo haya hayamo kwenye mijadala ya mashabiki, lakini Jumapili yanahesabika.

Halafu jiulize timu yako inahitaji nini hasa. Baltimore Ravens ya 2000 ilikuwa na ulinzi wa kutisha na ushambuliaji uliokauka: mechi 5 mfululizo bila tachidauni hata moja. Kocha Brian Billick akamtoa Tony Banks, akamweka Trent Dilfer, ambaye hakuna aliyemwona kuwa nyota. Lakini kwa ulinzi ule hakuhitajika nyota, alihitajika mtu asiyewagawia wapinzani mpira. Dilfer alipoteza mechi yake ya kwanza kuanza, ile ya tano kati ya hizo za ukame. Baada ya hapo Ravens hawakupoteza tena: ushindi 11 mfululizo, wa mwisho ukiwa Super Bowl dhidi ya New York Giants, 34 kwa 7.

Hatua ya 4: Chagua wiki

Wiki nzuri kuliko zote ni ile ya mapumziko, timu isipokuwa na mechi. Unapata siku nyingi za kumpa mpya mazoezi ya kikosi cha kwanza na kuupunguza mpango ubaki ule anaoumudu. Miami Dolphins 2020 walifanya hivyo: walitangaza Tua anaanza baada ya kuwachapa Jets 24 kwa 0, wakaingia mapumziko, naye akaanza dhidi ya Rams Novemba 1. Ryan Fitzpatrick aliyempisha alisema wazi kwamba ameumia moyoni, na alikuwa na haki, timu ilikuwa imeanza kushinda. Kwa upande wa kalenda lakini, huwezi kuwalaumu.

Wiki mbaya ni ya mechi ya Alhamisi, ambayo mazoezi yake ni kutembea tu kwa sababu miili bado inauma. Mbaya pia ni kumwanzisha kijana ugenini mbele ya wapinzani ambao ulinzi wao unajua kumfikia kwotabeki. Peterman alikutana na Joey Bosa na Melvin Ingram siku yake ya kwanza.

Kumbadilisha mechi ikiendelea kunaruhusiwa, ila usikuchanganye na uamuzi wa msimu. Chicago Bears 2020 walikuwa nyuma 26 kwa 10 kule Atlanta walipomwingiza Nick Foles badala ya Mitchell Trubisky. Akapiga tachidauni 3 robo ya mwisho wakashinda 30 kwa 26. Wakambakiza. Baada ya wiki chache ushambuliaji ukadorora, vipigo vikafuatana hadi 4, na Trubisky akarudi. Robo moja dhidi ya ulinzi usiojiandaa kwa ajili yako haitoshi kuwa ushahidi.

Hatua ya 5: Mwite yeye kwanza

Mpangilio ni huu: anayetolewa, anayeingia, wazee wa timu, kikosi chote, halafu waandishi. Kila mmoja asisikie kwa mwingine. Fanya Jumatatu au Jumanne, kabla ya mazoezi ya Jumatano, mlango umefungwa, maneno machache. Mwambie sababu uliyoiandika kwenye karatasi, na mwonyeshe pasi tatu nne kwenye video. Usimwahidi kitu usichoweza kutimiza.

Na usitoe nusu uamuzi. Novemba 2017 Giants walitaka kumtazama Geno Smith, wakamwambia Eli Manning anaweza kuanza mechi ili kulinda rekodi yake ya kuanza mechi 210 za msimu mfululizo, kisha atoke mapumziko. Walidhani wanampa heshima. Mtu aliyewaletea Super Bowl mbili aliona anapewa sadaka, akakataa, na mji ukawaka. Timu ilikuwa na ushindi 2 tu, kwa hiyo hoja ya kumjaribu mwingine haikuwa ya kijinga hata kidogo. Lililoharibu ni namna. Smith alianza mechi moja dhidi ya Raiders, wakapoteza, na kesho yake kocha Ben McAdoo na meneja mkuu Jerry Reese wakafukuzwa. Manning akarudi kuanza wiki iliyofuata.

Hatua ya 6: Mgonjwa akipona, chagua mmoja

Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu hakuna aliyekosea.

Septemba 2001 Drew Bledsoe wa New England Patriots, mwenye mkataba wa dola milioni 103, aligongwa na Mo Lewis wa Jets akavuja damu ndani ya kifua. Akaingia kijana aliyechaguliwa wa 199 kwenye drafti ya 2000, yaani zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya, Tom Brady. Novemba Bledsoe akapewa ruhusa ya madaktari. Brady hakuwa ameitikisa dunia. Alipopoteza kwa Rams timu ilikuwa na ushindi 5 na vipigo 5. Bill Belichick akaamua ni Brady hadi mwisho, maana wiki ina mazoezi ya kumwandaa mtu mmoja, na ukiyagawa unapata makwotabeki wawili walioiva nusu. Patriots walishinda mechi zote 6 zilizobaki.

Lakini sikiliza kipande kinachosahaulika. Januari 2002, mechi ya kuwania kwenda Super Bowl, Brady aliumia kifundo cha mguu kule Pittsburgh. Bledsoe, ambaye angeweza kuwa amenuna miezi miwili, aliingia akapiga tachidauni kwa David Patten na timu ikashinda 24 kwa 17. Ukimweka benchi mtu mzima, endelea kumwita vikaoni na kumuuliza anaonaje ulinzi wa wapinzani. Utamhitaji.

Kesi ya San Francisco 49ers ya 2012 inanikereketa zaidi. Alex Smith alikuwa anafikisha pasi 70 katika kila 100, timu inashinda. Akapata mtikisiko wa ubongo dhidi ya Rams, akaingia Colin Kaepernick, akawafunga Bears 32 kwa 7, na kocha Jim Harbaugh hakumrudisha Smith tena. Kimpira Harbaugh alikuwa sahihi: miguu ya Kaepernick ilifungua kitu ambacho Smith hakuwa nacho, na Januari aliwakimbia Packers yadi 181 kwenye mechi moja ya mtoano. Timu ilifika Super Bowl ikapoteza 34 kwa 31. Ila fikiria ujumbe uliobaki kwa wachezaji: ukimwambia daktari ukweli kuhusu kichwa chako, kazi inakwenda. Ukifanya uamuzi wa aina hiyo, ongea na timu nzima kuhusu majeraha ya kichwa wiki hiyohiyo, na huyo aliyetoka umsifie hadharani kwa kujitangaza.

Hatua ya 7: Mpe mechi za kutosha, na uzitaje mapema

Kabla mpya hajaanza, kubaliana na wasaidizi wako mtampa mechi ngapi na mtapima nini. Mechi 4 ni kiwango cha chini kwa mtu mzima. Kijana anahitaji zaidi. Mwaka 2004 Giants walikuwa na ushindi 5 na vipigo 4 walipomtoa Kurt Warner wakamwanzisha Eli Manning, naye akapoteza mechi 6 za kwanza kabla ya kushinda ya mwisho wa msimu. Tom Coughlin hakuyumba. Kwa kijana tazama kama makosa yanabadilika: kosa jipya kila wiki ni dalili njema, lilelile wiki ya nne ni tatizo.

Pia mlango wa kurudi usiupigilie misumari. Carolina Panthers walimweka benchi Bryce Young, chaguo la kwanza la drafti ya 2023, baada ya mechi 2 tu za msimu wa 2024. Wiki chache baadaye Andy Dalton aliyeichukua nafasi yake akaumia kidole gumba kwenye ajali ya gari, Young akarudi, na akacheza vizuri kuliko alivyowahi kucheza tangu aingie ligi.

Hatua ya 8: Mkumbuke wa tatu

Umeshaamua wa kwanza na wa pili. Januari 2023 49ers walifika kwa Philadelphia Eagles, mechi ya kuwania Super Bowl, wakiwa na Brock Purdy, aliyekuwa wa mwisho kabisa kuchaguliwa kwenye drafti, wa 262. Mwanzoni mwa mechi akaumia kiwiko. Akaingia Josh Johnson, naye akapata mtikisiko wa ubongo. Purdy ikabidi arudi akiwa hawezi kurusha mbali, wakabaki kukabidhiana mpira na kukimbia, wakapoteza 31 kwa 7. Kuanzia msimu wa 2023 ligi inaruhusu kumtaja kwotabeki wa tatu wa dharura asiyehesabiwa kwenye orodha ya watakaocheza, mradi aingie tu kama wawili wa mwanzo wameumia au wametolewa na waamuzi. Sharti lake mwaka huo wa 2023 lilikuwa awe miongoni mwa wachezaji 53 wa kikosi. Kwa hiyo ukimpandisha wa pili kuwa wa kwanza, aliyetoka usimkate wiki hiyo, na wa tatu umpe angalau mipango kumi anayoweza kuiita bila kusoma.